Mjadala: Portia alitenda haki, au alishinda kesi tu?

Kaka mleta mada, ahsante kwa kuturudisha kwenye Mabepari wa Venisi, tamthiliya ya Mwingereza William Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere. Umeandika kwamba Portia ni wakili wa kuigwa, kwamba Shylock alikuwa kausha damu, yaani mkopeshaji wa riba ya kunyonya, wa zama zile na akapata alichostahili, na kwamba tamthiliya hii ifundishwe ili vijana waogope mikopo ya riba. Nimesoma hoja yako mara mbili. Kwamba ifundishwe, tuko pamoja. Mengine nayapinga, na naomba unisikilize hadi mwisho.

Kwa ambao hawajaisoma, kisa ni hiki. Bassanio, kijana wa Venisi aliyetapanya mali yake, anataka kwenda Belmont kuposa binti tajiri aitwaye Portia, na hana hata cha kujitengenezea safari. Rafiki yake Antonio ni mfanyabiashara mkubwa, ila mtaji wake wote uko baharini kwenye merikebu. Basi Antonio anakopa kwa Shylock, Myahudi, dukati 3,000, sarafu za dhahabu za wakati ule, kwa miezi mitatu. Siku ikipita bila malipo, Shylock atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio. Huko Belmont marehemu baba yake Portia ameacha wosia kwamba mposaji achague kati ya makasha matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi. Bassanio anachagua la risasi na kupata mke. Muda si mrefu habari zinafika kwamba merikebu zimepotea na Shylock anadai nyama yake. Portia anavaa mavazi ya kiume, anaingia mahakamani kama mwanasheria, na kuipindua kesi.

Sasa turudi kwenye neno lako, kausha damu. Mwaka jana nilimsomea shangazi yangu mkataba wake. Alikopa laki tatu, wakakata pesa ya fomu kabla hajashika hata noti moja, marejesho kila wiki, na chini pameandikwa dhamana: friji, televisheni, cherehani. Alipokwama wiki mbili walikuja na guta. Cherehani ilibebwa na kitambaa cha mteja kikiwa bado chini ya sindano. Kausha damu ndiye huyo. Nyama yako haitaki, anataka uendelee kulipa.

Soma mkataba wa Shylock uone tofauti. Riba haimo. Shylock mwenyewe anasema safari hii hatatoza hata senti, atakopesha kwa wema, na hiyo ratili ya nyama ni mzaha tu. Mahakamani anapewa dukati 6,000, mara mbili ya deni, anakataa. Kausha damu gani anakataa faida ya asilimia mia? Ndiyo maana nasema ukiifundisha tamthiliya hii kama somo la riba umewapa wanafunzi ufunguo usiofungua mlango. Kinachomsukuma Shylock ni kisasi, na lazima tuulize kisasi hicho kilizaliwa wapi.

Kilianza kabla ya mkopo. Antonio alikuwa akimtemea mate ndevuni na kumwita mbwa hadharani. Siku anapokuja kukopa, Shylock anamuuliza kama mbwa ana pesa za kukopesha. Antonio hajutii. Anajibu kwamba huenda akamwita hivyo tena na kumtemea tena, na kwamba pesa amkopeshe kama anayemkopesha adui. Huyo ndiye mteja anayekuja kuomba!

Kisha Jessica, binti pekee wa Shylock, anatoroka usiku na Lorenzo, rafiki wa hao hao kina Bassanio, akibeba pesa na vito vya baba yake. Habari zinarudi kwamba amebadilisha pete kwa nyani. Shylock anasema pete ile alipewa na Leah, zamani kabla hawajaoana, na asingeitoa hata kwa msitu mzima wa nyani. Leah hatajwi mahali pengine popote katika tamthiliya. Kwa sentensi hiyo moja tunajua kwamba mtu huyu alipendwa, na kwamba ametunza kumbukumbu hiyo miaka yote. Mimi hapo sikuweza tena kumsoma kama zimwi.

Tuingie mahakamani. Simtetei na kisu chake. Anakinoa kwenye soli ya kiatu mbele ya watu, mizani anayo tayari, na anapoombwa alete tabibu wa kuzuia damu anauliza kama hilo limeandikwa kwenye mkataba. Huo ni ukatili na ulipaswa kuzuiwa. Lakini kabla Portia hajaingia, Shylock anatoa hoja ambayo sisi watu wa pwani tungepaswa kuwa wa kwanza kuisikia. Anawaambia wakubwa wa Venisi kwamba wana watumwa waliowanunua na wanawatumikisha kama punda na mbwa. Akiwaambia wawaachie huru na kuwaoza kwa watoto wao, watasema watumwa ni mali yao. Basi na yeye nyama hii kainunua, ni mali yake. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, karibu miaka mia tatu baada ya maneno hayo kuandikwa. Angalia nani anamjibu mahakamani. Hakuna.

Portia anaingia, anahubiri rehema kwa maneno mazuri kupita yote yaliyomo, kisha anatoa hukumu inayojulikana: kata nyama, usimwage tone la damu. Hapo nampigia makofi. Maisha ya mtu yameokolewa kwa herufi ile ile iliyotaka kumwua. Kesi ingeishia hapo nisingeandika haya.

Haikuishia. Shylock anasema basi apewe mtaji wake aondoke. Anakataliwa. Anageuka kwenda zake, anaitwa arudi, kwa sababu ipo sheria kwamba mgeni akitafuta roho ya raia, nusu ya mali yake ni ya aliyetafutwa na nusu ya dola, na uhai wake uko mikononi mwa mtawala. Ona neno lililotumika: mgeni. Mtu ana nyumba, ana binti aliyemlea mjini humo, wanamkopa pesa, bado ni mgeni. Mtawala anamwachia uhai na kusema fungu la dola linaweza kupunguzwa liwe faini. Antonio anashika nusu yake ili siku moja iende kwa Lorenzo aliyetorosha binti, tena anaongeza masharti: Shylock abatizwe, na akifa kila alichobaki nacho kiwe cha Lorenzo na Jessica. Portia anamuuliza kama ameridhika. Anajibu ameridhika, anaomba ruhusa aende, hajisikii vizuri. Rehema iliyohubiriwa muda mfupi uliopita imekwenda wapi?

Na kuna jambo ambalo katika mjadala wote huu sijaona aliyeligusa. Portia ni mke wa Bassanio, na deni lile lilikopwa ili Bassanio aende kumposa yeye. Amekuja kwa jina la uongo na hakuna aliye mahakamani anayejua, isipokuwa Nerissa, msaidizi wake aliyejifanya karani. Leo kwenye mahakama yoyote mwamuzi akigundulika kwamba mumewe ndiye aliyetumia pesa zinazogombaniwa, hukumu yake itatiliwa shaka. Wewe unamwita wakili wa kuigwa!

Dada uliyechangia baada ya mleta mada umeshauri tusihukumu watu wa kale kwa macho ya leo, kwamba hii ni komedi na kwao ubatizo ulikuwa kumwokoa roho. Una hoja. Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290, na tamthiliya iliandikwa kati ya 1596 na 1598 hivi, kwa hiyo wengi waliokuja kuitazama walimjua Myahudi kwa hadithi tu. Mwaka 1594 Rodrigo Lopez, tabibu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, mwenye asili ya Kiyahudi, alinyongwa mbele ya umati jijini London. Mkusanyiko wa tamthiliya za Shakespeare wa mwaka 1623 unaiweka kwenye kundi la komedi. Nakubali yote. Lakini ni Shakespeare huyo huyo, kwa watazamaji hao hao, aliyemfanya Shylock aulize kama Myahudi hana macho, kama akichomwa hatoki damu. Na mwaka 1943 utawala wa Wanazi wa Ujerumani uliiigiza Vienna, Austria, Shylock akichezwa na mwigizaji Werner Krauss, wakati wengi wa Wayahudi waliokuwa wamebaki mjini humo wamekwisha kupelekwa kuuawa. Kazi iliyotumika hivyo huwezi kumpa mtoto wa kidato cha tatu ukamwambia acheke tu.

Mwalimu Nyerere alipoitafsiri, ikachapwa mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, jina la asili lilimtaja mfanyabiashara mmoja. Yeye akaandika Mabepari. Wingi ule mimi nausoma hivi: Antonio na merikebu zake yumo, Bassanio anayeanza sifa za mchumba wake kwa kutaja urithi wake yumo, wenye watumwa wamo. Kaka, wewe umesoma kana kwamba jalada limeandikwa Bepari.

Shuleni kwetu tuliiigiza. Mimi nilikuwa karani wa mahakama. Shylock alipotoka akijikokota darasa zima lilishangilia, kengele ikalia, na tukaishia hapo. Sehemu ya tano niliisoma peke yangu miaka mingi baadaye: mwanga wa mwezi Belmont, muziki, wake wakiwatania waume zao kuhusu pete, na barua ya ghafla kwamba merikebu tatu za Antonio zimefika salama. Jessica yupo. Mapema anasema hajawahi kuchangamka akisikia muziki mtamu, na baada ya hapo hasemi neno tena hadi mwisho. Nerissa anapoleta hati ya mali ya Shylock, baba yake Jessica, anayeshukuru ni Lorenzo.

Kaka mleta mada, wewe unafundisha na unasema muhula ujao wanafunzi wako wataiigiza. Naomba wasiishie mahakamani. Na huyo binti atakayecheza Jessica, hati ile ikisomwa na wenzake wakicheka, utamwambia atazame wapi?