4-4-2 ya kubana au 5-3-2? Timu ya kaunta, Wete

Kipanga wa Wete
Assalaam alaykum jamaa. Timu yetu ya mtaa imo kwenye mashindano ya vijana, na kundini mna timu mbili zinazojua kukaa na mpira kuliko sisi. Nataka tukae nyuma, tubane kati, tukipokonya tuondoke mbio, kaunta hiyo. Nina straika wa mbio, mwengine mrefu anayetuliza mpira kifuani, viungo wawili wa kazi na mabeki wa kati watatu wazuri. Shida mawinga: mmoja anarudi kukaba, wa pili mpaka apigiwe kelele. Nichague ipi: 4-4-2 (mabeki wanne, viungo wanne, mastraika wawili) au 5-3-2 (mabeki watano, viungo watatu, mastraika wawili)?

Beki Mstaafu
Waalaykum salaam. 4-4-2. Leicester ya kocha Ranieri 2015/16 ilibana wanne wanne, mpira ikawaachia wengine, straika wao Vardy akawavizia mabeki mgongoni, wakabeba ubingwa wa Uingereza. Muhimu ni nafasi baina ya mstari wa mabeki na wa viungo, iwe ndogo. Kiungo wao akipokea mbele ya mabeki wako akageuka bila kuguswa, hapo hamjabana, mmejipanga kupiga picha.

Mwana wa Ng'ambo
Ami, Leicester walikuwa na Kanté, kiungo wa kupokonya mipira! Winga asiyerudi anamuua beki wa pembeni: wanamjia wawili, krosi hiyo. Na mwenyewe kasema ana mabeki wa kati watatu. 5-3-2, mawinga wakapumzike.

Bi Mkubwa wa Jukwaani
Hao viungo watatu wa 5-3-2 ndio wa kufunika upana wote wa uwanja. Mpira ukihamishwa kulia kushoto, kulia kushoto, kipindi cha pili wanahema. Uwanja wenu ukoje?

Kipanga wa Wete
Mwembamba, bibi. Mchanga golini, mashimo kati. Pasi ya chini ni bahati nasibu.

Bi Mkubwa wa Jukwaani
Mwembamba? Basi watatu watatosha, nimenyamaza.

Mwalimu wa Jioni
Mimi nauliza mpira unakwenda wapi ukishapokonywa. Timu nyingi za huku zinakaba vizuri, kisha beki anabutua, mpira unarudi hapo hapo, wanaanza kukaba upya. Hiyo si kaunta, ni kuomba dua. Pasi ya kwanza lazima imfikie mtu. Kwa uwanja huo ipigwe juu, kifuani kwa yule mrefu. Wa mbio asimame upande ambao beki wao wa pembeni amepanda, maana pale nyuma ndipo pana uwazi. Mrefu asikimbie naye. Akikimbia, nani atapokea? Kiungo mmoja tu apande kuokota mpira wa pili, ule unaomdondoka mrefu, wengine wabaki.

Zoezi lake: sita wakabe ndani ya boksi, wakipokonya wana pasi tatu za kuvuka nusu ya uwanja. Wakishindwa, mpira unarudi kwa wapinzani. Watachukia, lakini watajifunza kuinua kichwa kabla ya kupiga.

Morocco walibana kwa 4-1-4-1 Qatar 2022, na mpaka wanaingia nusu fainali walikuwa wamefungwa goli moja tu, nalo la kujifunga. Ila mawinga wao, Ziyech na Boufal, walikuwa wanarudi. Kwa winga wako huyo, mfumo huo usahau.

Beki Mstaafu
La pasi ya kwanza nakubali, Mwalimu. Ila 5-3-2 ya vijana ikifika dakika ya sitini inakuwa 5-5-0, wote wamelala bokisini. Kocha Simeone alimpanga Koke, kiungo kabisa, pembeni, na timu yake Atlético Madrid wakachukua ligi ya Hispania 2014. Kipanga naye amtafute kiungo wa tatu, amweke pale pa yule mvivu.

Na mkitangulia kufungwa? Wapinzani nao watakaa nyuma, kaunta imekwisha. Zanzibar Heroes wetu fainali ya Chalenji, kombe la Afrika Mashariki na Kati, 2017 kule Machakos waliwasawazishia Kenya mara mbili, 2-2, wakaja kukosa kwa penalti. Ukiwa na watano nyuma utasawazisha na nani?

Kipanga wa Wete
Hilo limenigusa. Naanza 5-3-2, tukifungwa beki wa kati mmoja anasogea kuwa kiungo wa pembeni, tunakuwa 4-4-2 bila ya kubadilisha mtu. Yupo mmoja anaweza, miguu yote miwili anapiga. Yule winga nimeshamwambia ataanzia benchi. Kanuna.

Bi Mkubwa wa Jukwaani
Mwache anune. Mwingize robo saa ya mwisho nafasi ya yule wa mbio, mabeki wao wamechoka. Wavivu wa kurudi huwa hodari wa kwenda.

Mwana wa Ng'ambo
Na kipa je? Anajua kurusha mpira kwa mkono, au naye ni wa kubutua?