Dirisha hili la usajili la 2025 Simba tumejenga, au tumeachia nahodha aende bure?

Msimbazi B
Wana Simba wenzangu, nimekaa kimya tangu dirisha lifunguliwe, leo nasema. Tumemleta Sowah kutoka Singida Black Stars, De Reuck kutoka Mamelodi Sundowns, Kante, Bajaber wa Kenya Police, na kipa Yakoub wa JKT. Usajili mzuri, sipingi. Lakini Mohamed Hussein Tshabalala, nahodha wetu, mtu tuliyemtoa Kagera Sugar mwaka 2014, ameondoka bila klabu kuingiza hata senti, na jezi aliyovaa sasa ni ya kijani na njano, ya Yanga. Manula naye mkataba umeisha, karudi Azam. Mwaka jana ilikuwa Chama, kwa mlango uleule. Nauliza: pale klabuni kuna mtu anayesoma tarehe za mikataba? Na tuache kushangilia kila picha ya utambulisho inayotoka usiku wa manane, hasa ninyi wa mikoani ambao hata kadi ya uanachama hamna. Mnapiga makofi kwa kila kitu, viongozi wanadhani Simba nzima imeridhika.

Mnyama Nyakato
Umeanza vizuri ukaharibu mwishoni. Wa mikoani tumekukosea nini? Msimu uliopita Simba ilipokuja Kirumba kucheza na Pamba Jiji, watu walikuwa getini tangu asubuhi. Wengine wametoka Geita, wengine Sengerema na kivuko. Ninyi wa Dar timu mnayo kila wiki pale KMC Mwenge, kiwanja kidogo, na bado kuna mechi naona viti vitupu kwenye runinga. Leo unatuambia hatuna kadi?

Bi Lunyasi
Naomba turudi kwenye mikataba. Mchezaji akibakiza miezi sita, kanuni za FIFA zinamruhusu kuzungumza na kusaini na timu nyingine bila kuomba ruhusa ya mtu. Mkataba wa Tshabalala umekwisha na msimu, kwa hiyo kuanzia Januari alikuwa huru kukaa na yeyote. Januari sisi tulikuwa makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, tunashangilia matokeo. Nani alikaa naye mezani mwezi ule? Mchezaji wa uzito wake unamwongezea mkataba akiwa amebakiza mwaka mmoja na zaidi, akikataa unamuuza dirisha linalofuata. Mwaka 2021 Luis alikwenda Al Ahly na Chama akaenda Berkane, wote wakiwa na mikataba, na klabu ikapata chake. Iliuma uwanjani, ubingwa ukaondoka, lakini hatukutoka mikono mitupu. Hiki cha sasa ni kitu kingine kabisa.

Msimbazi B
Nyakato, kujaza Kirumba mara moja kwa msimu ni ushabiki, na ninauheshimu. Uanachama ni jambo jingine. Mwanachama analipa ada, anaingia mkutano mkuu, anasimama na kuuliza mapato na matumizi. Hivyo ndivyo klabu ilivyoishi tangu 1936. Kama huna kadi, huna pa kusimama ukauliza.

Kijana wa Songea
Hapo umenigusa. Mimi kadi nililipia. Kuna tawi moja, sitalitaja, nilipeleka hela na picha za pasipoti, nikajaza fomu. Nikaambiwa nisubiri, kadi zinachapishwa Dar. Katibu aliyepokea hela alibadilishwa, aliyekuja anasema hakukabidhiwa orodha. Kadi sijaishika mpaka leo. Halafu anatokea mtu wa Kariakoo, ofisi iko mtaa wa pili kutoka kwake, ananiambia sina pa kusimama.

Mnyama Nyakato
Msikie huyo. Na wako wengi wa namna hiyo, Mbeya, Tabora, Kigoma. Watu wamelipia, kadi hawana, na bado kila siku ya mechi wamevaa nyekundu.

Mtani wa Jangwani
Habari za jioni, watani. Nimepita kuwapa pole. Ubingwa 2022, 2023, 2024, 2025, yote iko Jangwani, kwetu Yanga. Tano moja ya Novemba 2023 sitaizungumzia, ninyi mnaikumbuka kuliko mimi. Tshabalala amekuja kwa miguu yake, hakuna aliyemvuta. Tunamshukuru aliyesahau kumpa kalamu.

Mekundu Tu
Mtani, kwanza kaa chini. Unaongelea wachezaji kuhama kama vile kwenu hawahami? Niyonzima alitoka kwenu 2017 akaja Msimbazi. Gadiel Michael alikuja 2019, tena beki wa kushoto, akakaa benchi nyuma ya huyohuyo Tshabalala mnayemshangilia leo. Ajibu mlimchukua 2017, miaka miwili akarudi. Morrison alikuja 2020 mkatufuata mpaka mahakama ya michezo kule Uswisi, mkashindwa. Na kiungo wenu Feisal Salum? Mchezaji aliomba kuondoka Desemba 2022, mkamng'ang'ania nusu mwaka mzima, akawa hachezi, mpaka Rais Samia akazungumza Ikulu ndipo mkamwachia. Mnatufundisha nini sisi kuhusu usajili?

Mtani wa Jangwani
Feisal umemtaja mwenyewe, sasa nisikilize. Kwa nini tulimng'ang'ania? Kwa sababu alikuwa na mkataba. Karatasi ilikuwepo, shirikisho la soka, TFF, likaisoma, likasema huyu ni mchezaji wa Yanga. Mwisho Azam wakaja mezani, makubaliano yakafanyika Juni 2023. Sasa nionyeshe karatasi yenu ya Tshabalala. Hamna.

Bi Lunyasi
Hicho ndicho nilichoandika juu. Mtani amekisema kwa kejeli, lakini amekisema. Yanga walikuwa na kitu cha kushika mkononi, sisi hatukuwa nacho.

Mekundu Tu
Dada yangu, usimpe mtani nguvu kwenye mazungumzo ya nyumbani. Aliyemzuia kijana kucheza mpira kwa miezi huyo hana la kutuambia. Feisal alikuwa katika umri wake mzuri kabisa, akakaa bila mechi. Ule ulikuwa unyanyasaji, usiite usimamizi wa mikataba.

Mtani wa Jangwani
Unyanyasaji? Alisaini mwenyewe, kwa mkono wake, akapokea fedha ya usajili. Mkataba wa mpira una pande mbili. Au mlitaka na sisi tuwaachie watu waondoke bure kama ninyi?

Mzee wa Ilala
Vijana, punguzeni joto. Mimi nimeziona hizi tangu zamani. Mwaka 2013 tulimuuza mshambuliaji wetu Okwi kwa Etoile du Sahel ya Tunisia, dola laki tatu. Hela ikawa haiji, klabu ikaenda FIFA kudai. Wakati sisi tunadai, Okwi akacheza kidogo SC Villa kwao Uganda, kisha akaibukia wapi? Yanga. Watu walilia Msimbazi pale, nimeona kwa macho. Mwaka uliofuata akarudi kwetu. Mchezaji akivuka mtaa dunia haijaisha.

Lupaso Juu
Mzee, dola laki tatu? Mimi nakumbuka laki tano, na nakumbuka alitoka Tunisia akaja Yanga moja kwa moja.

Mzee wa Ilala
Laki tatu, kijana. Magazeti ya wakati ule yaliandika, na redio ilisema. SC Villa alipita kwanza, ndiyo iliyoleta mvutano wa uhamisho wake. Usibishane na mtu aliyekuwepo.

Lupaso Juu
Sawa mzee wangu, sibishani. Ila hoja yako inatuumiza wenyewe. Kama mwaka 2013 tulikuwa tunauza mchezaji bila kushika hela, na 2025 nahodha anaondoka bila hela, katika miaka yote hiyo tumejifunza nini?

Ubaya Ubwela
Mnaongea kama klabu imekufa. Tusahau tulikotoka? Msimu wa 2023/24 tulimaliza wa tatu, pointi sawa na Azam, wakatuzidi kwa mabao, tukakosa Ligi ya Mabingwa. Viongozi wakabomoa kikosi, wakamleta kocha Fadlu, wakaleta Moussa Camara golini, Ahoua, Mukwala, Mutale, Okejepha, Debora, Hamza. Kila mtu alipiga kelele kwamba ni watoto, hawajulikani. Ahoua akamaliza mfungaji bora wa ligi, mabao 16. Tukafika fainali ya Shirikisho. Berkane walitufunga mbili kwao, Zanzibar tukatoka moja moja. Kikosi cha mwaka mmoja! Sasa watu haohao wamesajili tena, mwacheni mwalimu apange timu. Che Malone amekwenda USM Alger, De Reuck ameletwa kuziba. Kushoto ameletwa Mligo wa Namungo. Kapombe amebaki. Nafasi za wachezaji wa kigeni ni 12 tu, lazima zitumike kwa akili, na naona zimetumika.

Mnyama Nyakato
Hiyo fainali ya Zanzibar nilikwenda. Uwanja wa Mkapa ulikataliwa, mechi ikahamia Amaan, nikatoka Mwanza kwa basi mpaka Dar, nikavuka na boti. Sikuulizwa kadi getini, niliulizwa tiketi. Msimbazi B, wewe ulikuwepo?

Msimbazi B
Nilikuwepo, ndugu, na sina sababu ya kukuthibitishia. Unageuza mada ionekane nimewatukana watu wa mikoani. Nimesema wasio na kadi wasishangilie kila kitu bila kuuliza. Tofauti ipo.

Kijana wa Songea
Ulisema "hasa ninyi wa mikoani". Maneno yako yapo hapo juu, hayajafutwa.

Jezi ya Muscat
Niko Oman, kazini. Jezi nanunua kila msimu, za watoto pia, nalipa na usafirishaji. Kadi sina, ofisi ya kunipa huku haipo. Kwa mujibu wa kaka hapo juu mimi si mwana Simba?

Msimbazi B
Sijasema hivyo.

Hisa 51
Mngetulia mkaona mnagombania nini. Mwaka 2017 wanachama walikubali mabadiliko ya umiliki wa klabu, mwekezaji Mo Dewji akashinda zabuni: asilimia 49 kwa bilioni 20, wanachama 51. Mchakato ukakwama Tume ya Ushindani, ukapigwa danadana mwaka baada ya mwaka. Mo akatoka uenyekiti wa bodi 2021, akaingia Salim Abdallah "Try Again", kisha 2024 Mo akarudi. Katika muda wote huo nani amewahi kumwona mwanachama wa kadi akiulizwa kama Tshabalala aongezewe mkataba au asiongezewe? Usajili unafanywa na watu wachache wanaoshika fedha. Msimbazi B ana kadi, Nyakato hana, na wote wawili wamepata habari ya nahodha kwenye simu, dakika ileile na mtani.

Mnyama Nyakato
Asante. Nijibu basi, Msimbazi B: kadi yako ilimzuia Tshabalala kuondoka?

Msimbazi B
Haikumzuia, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote! Nalipa ada, nakwenda mkutanoni, nauliza, najibiwa kwa nyimbo. Unadhani nafurahia? Nimemwona Mohamed Hussein akiingia timu hii kijana mdogo. Juzi akiwa na timu ya taifa kwenye CHAN amefunga kwa kichwa dhidi ya Burkina Faso pale Mkapa, nimesimama nikashangilia, halafu nikakaa kwa sababu nimekumbuka ligi ikianza atakuwa upande wa pili. Usiniulize kadi yangu imefanya nini. Waulize waliokuwa na kalamu.

Ubaya Ubwela
Labda mwenyewe alitaka kuondoka. Kwa nini hamlisemi hilo? Mchezaji naye ana matakwa. Amekaa Simba miaka 11, amechukua ubingwa mara nne mfululizo, ana haki ya kutafuta maslahi.

Bi Lunyasi
Ana haki, na sijamlaumu hata kwa neno moja. Kama alitaka kuondoka, tulipaswa kulijua mwaka mmoja kabla, tumuuze nje kwa heshima, aage uwanjani, klabu ipate fedha ya kumnunua mrithi wake. Naomba mtu mmoja anijibu: ni nani wengine ambao mikataba yao inakwisha Juni ijayo? Januari si mbali. Tukiwajua leo tunaweza kupiga kelele leo, kabla hawajasaini kwingine.

Lupaso Juu
Ndugu wa Muscat, jezi kwa huko inafika shilingi ngapi ukijumlisha usafirishaji? Nina shemeji yuko Sohar anaitaka ya ugenini.

Mtani wa Jangwani
Bi Lunyasi, orodha hiyo ukiipata iweke hapa. Na sisi tunaihitaji.

Mekundu Tu
Mtani, ondoka! Tarehe ya Ngao ya Jamii, mechi ya kufungua msimu, inakuja, tutaonana uwanjani.

Mtani wa Jangwani
Ngao tutakuwepo. Mechi yetu ya ligi ya tarehe 8 Machi ndiyo hamkuwepo. Mlipocheza Juni mkala mbili.

Mekundu Tu
Tarehe 8 Machi tulizuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi usiku wa kuamkia mechi, jambo ambalo kanuni inaturuhusu. Mkubali kwanza hilo ndipo tuzungumze. Walinzi wa geti walikuwa wa nani?

Mzee wa Ilala
Tumeanza na Tshabalala, sasa tuko getini.

Hisa 51
Niirudie kwa ufupi. Mkutano mkuu ujao iwepo hoja moja kwenye ajenda: taarifa ya mikataba ya wachezaji, nani anabaki mpaka lini. Mshahara wa mtu hatuutaki, tunataka tarehe. Matawi ya mikoani yapewe wajumbe wa kutosha wa kusimamia hilo.

Msimbazi B
Hoja ya tarehe naiunga mkono. Wajumbe wa mikoani watoke kwa wenye kadi.

Kijana wa Songea
Umerudi palepale. Basi nitajie ofisi gani, siku gani, na nimwone nani pale Msimbazi nikifika na risiti yangu ya tawi. Risiti ninayo. Kadi yangu naidai kwa nani?