Tupeane uzoefu: siku ya wakimbizi shuleni, mnaifanyaje?

Mlezi wa Klabu: Kidato cha pili wanataka wenzao waelewe maisha ya ukimbizini, sio risala na keki. Siku ya Wakimbizi Duniani ni 20 Juni, na huku Tanzania shule nyingi zinakuwa likizo, kwa hiyo tunaisogeza. Leteni mbinu.

Fundi Kamba: Anzeni na nafasi. Viwango vya Sphere, vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu, vinataka angalau mita za mraba 3.5 zilizoezekwa kwa kila mtu, jiko na choo havimo. Familia ya watano: vigingi vinne na kamba, mita 3.5 kwa 5. Waingie na magodoro, ndoo na mabegi, wapange wenyewe. Chaki msitumie, wataukanyaga mstari na zoezi limekufa. Tundikeni shuka kwenye kamba wasione nje.

Bi Ndoo: Na maji. Lita 15 kwa mtu kwa siku: kunywa, kupika, kuoga, kufua, yote humo. Watu watano ni lita 75, hata madumu manne ya lita 20 hayajai. Wadogo wape la lita 5. La 20 ni kilo 20, mgongo wa mtoto si punda. Koki moja hukadiriwa watu 250, basi fungueni moja tu, foleni iwafundishe.

Jogoo wa Bweni: Hayo ya chekechea. Pulizeni filimbi saa nane usiku, zimeni taa, dakika tatu kila mtu nje na alichowahi kubeba. Hawasahau mpaka kufa!

Nesi: Mkuu, hapana. Giza, vitanda vya dabodeka, mlango mmoja: mtu atavunjika mguu. Mwenye pumu je? Na shule za Kigoma au Turkana ya Kenya, kwenye kambi za wakimbizi, humo bwenini huenda yupo aliyetoka kwao hivyo hivyo kweli.

Jogoo wa Bweni: Basi na mazoezi ya moto yafutwe.

Nesi: Ya moto watu wamefundishwa njia, na mwenye funguo yupo mlangoni. Usichanganye.

Bi Ndoo: Nesi kamaliza.

Mwl. Uraia: Fanyeni mchana, darasani. Kadi 20 za vitu, chagua 6 kwa dakika tano. Wengi watakimbilia simu, waache cheti cha kuzaliwa na dawa. Hapo waulizeni: bila cheti, utamthibitishiaje mwalimu mkuu umri wako? Na msiwafundishe kuwa mkimbizi ni wa vita pekee. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 unamhusu anayeogopa kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au siasa.

Kiranja Mstaafu: Vita ipo mwalimu! Mkataba wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969 umeongeza uvamizi na machafuko.

Mwl. Uraia: Nimeandika "pekee". Soma tena.

Mlezi wa Klabu: Tuna mwanafunzi aliyetokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Tumwite asimulie?

Nesi: Asiitwe. Akijitolea mwenyewe, ayaone maswali kabla, awe na ruhusa ya kuruka lolote, na picha marufuku. Mkikosa msimuliaji, chukueni timu ya wakimbizi ya Olimpiki ya Rio 2016: wanamichezo 10, watano wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotokea kambi ya Kakuma, Kenya.

Fundi Kamba: Mgeni rasmi naye mfungieni humo kwenye mita 3.5, hotuba itakuwa fupi.