MJADALA: sed na Bash za kale kwenye mfumo mpya, wa kulaumiwa ni nani?

FundiMistari: Wakuu, nina uchungu. Skripti yangu ya kusafisha orodha ya majina imepiga kazi miaka kwenye seva ya Linux. Jana nikaiendesha kwenye kompyuta ya mezani, ikakwama mstari mmoja wa sed, zana ya kubadili maneno ndani ya faili: `sed -i 's/zamani/sasa/' orodha.txt`. Jibu: `invalid command code o`. Nimekesha. Kumbe sed ya humu ni ya ukoo wa BSD, ya seva ni ya GNU, matoleo mawili tofauti ya zana ileile. Bash nayo, programu ya kuendeshea skripti, ni toleo 3.2, la 2006! Anayetoa mfumo mpya wenye zana kuukuu anatuonea. Mnasemaje?

Pengo: Hiyo `o` ni herufi ya kwanza ya orodha.txt. `-i` huagiza faili lenyewe libadilishwe, na sed ya BSD hutaka baada yake kiambishi cha nakala ya akiba, yaani herufi za kuongeza mwishoni mwa jina la faili. Ikameza agizo lako kama kiambishi, jina la faili ikalisoma kama amri. Yote yamo kwenye man, mwongozo wa amri uliomo kwenye mfumo. Dakika mbili za kusoma zingekuokoa usiku mzima.

FundiMistari: Sikuja kuulizwa kama najua kusoma. Man niliisoma, ile ya seva. Ningejuaje kwamba jina moja lina miongozo miwili?

BintiTerminali: Hii "kasome man" ndiyo inayofukuza wanaoanza. Niliambiwa hivyohivyo, nikaokota `sed -i -e` mahali, nikabandika. Hakuna kosa lililotokea. Baada ya wiki nafungua folda: orodha.txt-e, barua.txt-e, kila faili na pacha wake. Man ingenisaidia nini, wakati sikujua hata nitafute neno gani?

Pengo: Hao pacha ndio nakala zako za akiba, `-e` imechukuliwa kama kiambishi. Na sijamfukuza mtu. Nimetoa jibu kamili, nyie mmeona sentensi moja tu.

Kale77: Turudi kwenye mada jamani. Bash imeganda hapo kwa sababu ya leseni. GPLv3, leseni ya programu huria, ilitoka 2007, Bash 4 ikaja nayo 2009, na kuna watengenezaji hawakutaka masharti yake. Halafu `-i` ya sed haimo kwenye POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix. Mwenye skripti ndiye aliyeegemea nyongeza ya GNU.

BintiTerminali: POSIX anaifahamu nani siku ya kwanza? Ninyi mlifundishwa na mtu. Aliyewafundisha aliwajibu hivi?

Kale77: Mimi sikufundishwa na mtu. Nilisoma man.

BintiTerminali: Basi ndiyo maana.

Pengo: Fundi, andika `sed -i.bak`, bila nafasi kabla ya nukta. Inakubalika pande zote mbili. Ukitaka ya GNU, isakinishe pembeni, mara nyingi huitwa `gsed`.

FundiMistari: `.bak` imekubali, kote kuwili. Ahsante kwa hilo. Ila ile ya dakika mbili, Pengo, bado sijaimeza.