Kifaa kinatumika NA NANI?! Huyu jamaa atatuua

FundiPicha_Amu: Jamaa mnamjua, ni Windows, amekaa ndani ya kompyuta zenu pia, sina haja ya kumtambulisha. Nimetoka dukani sasa hivi, mikono bado inatetemeka.

Kaka wa bibi harusi yuko mlangoni, boti ya Mokowe iko gatini, na basi la Mombasa halimngoji mtu. Video yote imeshaingia kwenye diski yake. Nabonyeza kutoa kwa usalama. Jibu: kifaa kinatumika, funga programu zinazoweza kuwa zinakitumia, kisha ujaribu tena.

ZINAZOWEZA KUWA! Ni sawa na mwenye nyumba akwambie kuna mtu chumbani mwako, ukimuuliza nani, akujibu funga milango urudi tena.

Nikafunga kila kitu. Kinatumika. Nikazima hata kisomo cha redioni. Kinatumika! Boti imeondoka, kaka mtu ananitazama kama mwizi wa ng'ombe. Kinatumika na nani, jamani?

BintiMkomani: Si uchomoe tu? Mie huchomoa kila siku.

Waya_Mtupu: @BintiMkomani ndiyo maana flashi zako zinakufa. Kunakili kukiwa hakujaisha, faili linaharibika. Tangu 2018 mpangilio wa kawaida wa huyo jamaa ni kuondoa haraka, yaani unachomoa bila kubonyeza kitu, lakini diski ikiwa bado inaandikwa haukuokoi. Fundi, zima kompyuta kabisa ndipo uchomoe. Na ukitaka kumjua mtumiaji, fungua kumbukumbu za mfumo (Event Viewer), tafuta tukio namba 225. Jina la programu limeandikwa humo.

FundiPicha_Amu: Subiri. Kwa hiyo ANAMJUA?! Ameandika jina, akalificha, mimi akaniambia nibahatishe na boti inaondoka?!

Mzee_wa_Shela: Nyinyi watoto. Sisi wa zile kompyuta za tunda, Mac za Apple, kuitoa diski ulikuwa unaiburuta mpaka kwenye pipa la taka. Kazi ya mwaka mzima, unaipeleka jaani kwa mkono wako. Presha yangu ilianzia hapo.

Somo_wa_Langoni: Fundi, harusi ya binamu yangu mpaka leo video hatujaiona, na ameshajifungua. Hiyo nayo inatumika?

BintiMkomani: 😂😂😂

Malindi_Kopi: Afadhali yenu. Printa yangu inasema haina karatasi na karatasi naziona.

Waya_Mtupu: Futa rola inayovuta karatasi kwa kitambaa chenye maji kidogo.

Malindi_Kopi: Nimefuta. Sasa inasema wino umekwisha, na nachapa rangi nyeusi tu, ila haitaki mpaka niweke ya njano!

Mzee_wa_Shela: Ya njano ndiyo ghali.

Somo_wa_Langoni: Nani ana wino wa njano Malindi mjini?