MPI bado ina maisha kwa hizi supakompyuta kubwa ama tuhamie kwengine?

MatopeYaSabaki
Salaam wadau. Niko Malindi, nafanya masters, mradi wangu ni kufuata matope ya mto Sabaki yakishaingia baharini, yaani msimu wa kusi yanaelekea wapi na wa kaskazi yanaelekea wapi. Natumia ROMS, ile modeli ya bahari ya Fortran, na mimi naiendesha kwa MPI, ile njia ya programu nyingi kugawana kazi moja kwa kutumiana ujumbe. Sasa kuna jamaa yangu yuko ng'ambo ananambia ati napoteza wakati, MPI ni kitu cha 1994, kwa mashini za eksaflopi (hesabu bilioni mara bilioni kwa sekunde) hakifiki mbali, nijifunze kitu kingine sai. Sitaki kukesha na MPI_Send na MPI_Recv, zile amri za kutuma na kupokea, halafu baada ya miaka mitano niambiwe ilishazikwa. Wenye kujua, ni kweli ama ni maneno tu?

NahodhaWaAmu
Yakhe hayo maneno tunayasikia tangu enzi za petaflopi, elfu moja chini ya eksaflopi, na MPI ingali ipo. Lakini waliokuwa wakiyasema walikuwa na hoja, tusiwadharau. Walitazama mashini za wakati ule wakaona kinachoongezeka ni kori tu, yaani vichwa vya hesabu ndani ya prosesa, Sequoia ya Livermore mwaka 2012 ilikuwa na nodi (kompyuta moja moja zilizounganishwa) 98,304 na kori zaidi ya milioni moja na nusu, memori GB 16 kwa nodi nzima, na ukiweka prosesi moja ya MPI (nakala moja ya programu inayoendeshwa) kwa kila kori na kila prosesi ishike orodha ya wenzake wote basi memori inaliwa na orodha hata hujatia tone la bahari ndani ya modeli. Wakapiga hesabu, eksaflopi itakuwa na prosesi mamilioni kwa mamilioni, MPI haitoboi.

Kumbe mambo yakaenda kinyume. Frontier kule Oak Ridge, iliyokuwa ya kwanza kuvuka eksaflopi kwenye TOP500, orodha ya supakompyuta zenye kasi zaidi, mwaka 2022, ilikuwa na nodi 9,408. Hata sehemu moja ya kumi ya Sequoia haikufika! Ila kila nodi ni jitu, prosesa ya kori 64 na GPU (chipu za hesabu nyingi kwa pamoja) nne za MI250X, na kila GPU programu inaiona kama mbili, kwa hivo ukiweka prosesi nane kwa nodi unapata elfu sabini na tano hivi kwa mashini nzima. Hiyo MPI inaimudu. Kilichokufa ni ile tabia ya prosesi moja kwa kila kori, kazi ya ndani ya nodi imechukuliwa na OpenMP kwa kori na CUDA na HIP kwa GPU, MPI imebaki na kazi ya nodi kwa nodi. Jifunze MPI ila usijifunze MPI peke yake.

Bint_Langoni
Nahodha nakukubali nusu. Ni mashini ndo zimeiokoa MPI, sio MPI iliyojiokoa, na shida ya programu yenyewe iko pale pale. Huyu bahari yake ameikata vipande. Kipande cha pointi 500 kwa 500 kina pointi 250,000 za kuhesabu, na kwa majirani wanne kinaomba ukingo wa pointi 2,000, hapo sawa, kazi nyingi maneno machache. Akitaka kasi akaendelea kukata mpaka 10 kwa 10, anahesabu pointi 100 na anaomba 40, kutwa ni kuombana tu. Hakuna laibrari ya kukutoa hapo.

Halafu MPI_Allreduce, kila prosesi itoe namba yake zijumlishwe na zote zipate jibu. Kwa karatasi ni rahisi, prosesi milioni ni kama hatua 20 tu, lakini moja ikichelewa kidogo, labda Linux yake imeamka kufanya kishughuli chake, zote zinangoja, ni ile mashua ya Mokowe haing'oi mpaka ijae.

Na nodi ikifa je? Kwa kawaida ya MPI prosesi moja ikianguka kazi nzima inavunjwa, elfu zote hizo, unarudi kwa ulichosevu mwisho kwenye diski. Kuna ULFM, imeingia kwenye Open MPI 5 (moja ya laibrari za MPI), hiyo inawaruhusu waliobaki wajikusanye waendelee, lakini data iliyopotea na nodi ni wewe wa kujua utaipata wapi, na hapo ndo watu wanakimbia. Charm++, njia nyingine ya kugawana kazi, mapema ilikuwa inaweza kuihamisha kazi yenyewe kutoka nodi iliyolemewa. MPI hilo hukuachia wewe.

kijana_wa_GPU
mbona watu wa AI wana maelfu ya GPU na wanatumia NCCL basi, ile laibrari ya Nvidia ya GPU kuongea, MPI huisikii kwao

NahodhaWaAmu
Fungua hiyo NCCL usome majina. AllReduce, Broadcast, AllGather, ReduceScatter. Umeyaona wapi hayo? Tofauti ya kweli ni moja nayo ni kubwa: NCCL unaipanga kwenye foleni ya GPU yenyewe na CPU, yaani prosesa ya kawaida, inaendelea na yake, MPI ilifikiriwa kwa CPU, kwa hivo mara nyingi CPU ingoje GPU imalize ndo iseme tuma. MPI 4.0 ya 2021 ilileta kutuma ujumbe kipande kipande kadri kinavokuwa tayari, ni mwanzo lakini bado wako nyuma.

Na kuhusu kuhama, wamejaribu watu wenye pesa. DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, iligharimia lugha mpya za programu, Chapel ya Cray na X10 ya IBM, Chapel ingali hai, X10 nani anaiandika leo? Fortran nayo ilitiwa coarray, njia yake yenyewe ya kugawana data kati ya prosesi, kwenye toleo la 2008. Sasa niambie nani atakaa aiandike ROMS upya.

MatopeYaSabaki
Shukran sana, nimepata mwanga. La mwisho, laptop yangu ina MPICH, laibrari nyingine ya MPI, na klasta ya chuo ina Open MPI, kila nikihamisha lazima nikompaili upya, na stima ikikatika katikati naanza tena. Hili nalo halina dawa?

Bint_Langoni
Dawa iko njiani, MPI 5.0 ilipitishwa Juni 2025 na imeweka mapatano ya vile programu iliyokwisha kukompailiwa inavyoongea na laibrari, kompaili mara moja endesha popote. Ila mapatano yenyewe ni ya C, na wewe uko na Fortran. Endelea kukompaili tu kwanza, na chaji laptop mapema.