Ngalawa ikipinduka nje ya mwamba, kipi kitangulie?

Mjukuu wa Mvuvi

Assalam alaykum wazee wangu na ndugu zangu. Ninaishi Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na huu ni mwaka wa pili tangu ami yangu aanze kunifundisha ngalawa. Wiki iliyopita, kusi likiwa limeshachachamaa, tulipinduka nje ya mwamba wakati tunageuza tanga. Upepo ulilikamata kwa upande usio wake, tengo la demani, yaani kibao cha pembeni upande upepo unakoelekea, likazama, na kabla sijasema neno nilikuwa chini ya tanga, nimefunikwa kama samaki ndani ya wavu. Tulihangaika muda mrefu kuigeuza ngalawa, ikakataa, mpaka wenzetu walipokuja kutuvuta. Ami anasema tulikosea mpangilio, lakini hajanieleza zaidi kwa sababu bado ana hasira ya foromali, boriti inayobeba tanga, iliyovunjika. Naomba kujua kipi kifanywe kwanza, na kwa nini chombo chenye matengo mawili kipinduke.

Nahodha Mstaafu

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nianze na hilo la pili, maana ndilo linalowaponza vijana wengi. Tengo la ngalawa si boya. Ukilitazama vizuri utaona kuwa ni kibao chembamba kilichowekwa mshazari, na ngalawa inapokwenda mbio maji hukisukuma juu. Mwendo ukifa, kibao hicho hakina nguvu ya maana ya kubeba uzito. Ndiyo sababu ngalawa iliyopoteza mwendo katikati ya kugeuza, huku tanga bado limejaa upepo, ndiyo inayozamisha tengo. Kwa hiyo kamba ya demani, ile inayozuia tanga, haifungwi fundo katika upepo wa kusi. Hushikwa mkononi ili iachiwe mara moja, na mwenzako awe tayari kuhamia tengo la joshi, upande upepo unakotoka, kabla upepo haujabadilika, wala si baada yake.

Mkishapinduka, jambo la kwanza ni kuitana kwa majina mpaka kila mtu ajibu. Aliye chini ya tanga ainue mkono juu ya kichwa ili kitambaa kiachane na maji, apate pumzi, kisha aufuate mshono mmoja bila kugeuka hadi ukingoni. Wote wakishashika chombo, ndipo mshughulikie tanga: fungueni henza, yaani kamba ya kupandishia foromali, mtoe foromali na tanga, na mlingoti pia ukikubali kutoka, lakini vyote vifungwe kwa kamba kwenye ngalawa visichukuliwe na mkondo. Nadhani hapa ndipo mlipokosea, kwa sababu tanga lililotandazika chini ya maji huzuia chombo kugeuka hata wakivuta watu wanne.

Baada ya hapo kamba ifungwe kwenye tengo la upande mmoja na kupitishwa juu ya tumbo la ngalawa. Nanyi msimame upande wa pili, mkandamize tengo la kwenu lizame huku mkivuta kamba kwa uzito wa mwili. Asibaki mtu upande ambao tengo lililoinuka litaangukia. Ikishasimama itakuwa imejaa maji, lakini gogo la mwembe linaelea hata likijaa. Aliye mwepesi aingie na dumu lililokatwa afue maji, wengine washike omo (mbele) na tezi (nyuma), omo ikielekezwa kwenye mawimbi.

Mwana wa Msambweni

Shikamoo, Nahodha. Naomba kuongeza kuhusu wakati ngalawa inapokataa kugeuka. Vijana wengi huiona minazi ya pwani wakadhani ni karibu, wakaogelea. Maji yakiwa yanakupwa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo wa kwenye mlango wa mwamba unatoka nje kwa nguvu isiyoshindika kwa mikono. Isitoshe, ngalawa iliyopinduka huonekana kwa mbali, kichwa cha mtu hakionekani.

Usiku wa tarehe 16 Machi 1978, chombo cha Hōkūleʻa cha Hawaii, chenye mitumbwi miwili iliyounganishwa, kilipinduka karibu na kisiwa cha Molokaʻi. Eddie Aikau, mwokoaji hodari wa ufukweni, aliondoka kwa ubao wake kwenda kutafuta msaada na hakuonekana tena, ilhali wenzake waliobaki wakishikilia chombo waliokolewa baada ya fataki yao ya dharura kuonekana na ndege. Alikwenda kwa ushujaa, simlaumu.

Tahadhari pia na video za mitumbwi ya Hawaii yenye tengo moja upande wa kushoto. Wao huliinua tengo hilo mpaka likapita juu na kurudi mahali pake. Ngalawa yetu ina tengo jingine la kupingana nawe, kwa hiyo usiige hatua kwa hatua.

Mjukuu wa Mvuvi

Nashukuru sana, wazee. Limebaki moja: henza ilikuwa imekaza kwa maji, na ami alinikataza kuikata.

Nahodha Mstaafu

Ikikataa kufunguka kwa majaribio mawili, kata, na ami yako mwambie nimesema mimi. Kisu kifungwe kwa uzi karibu na shina la mlingoti, ndani, mahali ambapo mkono unakifikia hata ngalawa ikiwa imeelekea chini. Cha kwako kilikuwa wapi siku hiyo?

Mjukuu wa Mvuvi

Ndani ya kapu la chambo, Nahodha. Kapu lenyewe hatujaliona tena.